Kabla Hamjamwita Chizi, Mpimeni

Kipimajoto cha kawaida unakipata kwa duka la dawa kwa pesa ya lanchi. Hakihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Unakiweka kwapani, unangoja kidogo, unasoma. Usiku ule tulipomfikisha mdogo wangu kasualti, mikono yake ikiwa imefungwa kwa leso ya mathe, hakuna aliyemwekea. Daktari hakumwekea. Muuguzi hakumwekea. Na mimi, kaka mtu, mwenye digrii na simu iliyojaa podikasti za afya ya akili, sikuomba awekewe. Tulimtazama akibishana na ukuta kwa dakika mbili hivi, tukakubaliana sote bila kupiga kura: kijana amechizi.

Alikuwa na malaria.

Nataka kuisimulia polepole, kwa sababu hasira yangu yote imo kwenye mpangilio wa siku. Mdogo wangu ana miaka 21, yuko chuo kikuu mwaka wa pili, na tunaishi na mathe Githurai. Mwezi wa nne tulimzika babu huko Busia. Mimi nilienda na basi la usiku, nikazika, nikarudi na basi la usiku. Yeye alibaki wiki nzima, akikesha nje chini ya hema na vijana wenzake, bila neti, vile mjukuu anafaa kufanya matangani. Alirudi Nairobi mzima kabisa. Siku ya kumi hivi akaanza kulalamikia kichwa. Akanywa vidonge vya maumivu. Ijumaa hakula. Jumamosi akaniita "mwalimu" mara tatu, na nikimrekebisha anacheka. Jioni yake akaniambia redio ya jirani inasoma jina lake.

Mimi nilikuwa na jibu tayari. Mkopo wa masomo ulikuwa haujaingia, msichana wake alikuwa amemwacha mwezi wa pili, na mitihani ilikuwa inabisha hodi. Nikamwambia, "Bro, hiyo ni stresi. Pumua." Kisha nikamtumia kipindi cha dakika 40 kuhusu wasiwasi na namna ya kuutuliza. Mtu ambaye vimelea vilikuwa vinamziba mishipa ya ubongo, mimi nilimtumia podikasti.

Jumapili usiku alivua nguo, akaanza kupiga mlango akisema kuna watu wanatoka ukutani. Ploti nzima iliamka. Mlinzi akasema ni bangi. Mama wa nyumba ya tatu akasema ni mapepo, na akaanza kuyakemea papo hapo. Shangazi akapiga simu kutoka Busia: "Huyo mtoto amekanyaga kitu hapa matangani. Mrudisheni nyumbani atengenezwe." Nikakata simu kwa dharau. Hiyo simu ikumbuke, nitairudia.

Kule kasualti mahojiano yalikuwa hivi.

"Anavuta?" daktari akauliza, macho yakiwa bado kwa karatasi.

"Mara moja moja, daktari."

"Mmh."

Kalamu ikaandika. Kijana akadungwa sindano ya kumtuliza, tukapewa barua ya kumpeleka hospitali ya akili asubuhi. Kila kitu kilichukua robo saa. Tulirudi naye nyumbani amelala, tukamshukuru Mungu kwamba ametulia. Kumbe alikuwa anazama.

Asubuhi hakuamka vizuri. Tukampakia kwa gari la jirani. Jam ilikuwa mbaya, na mathe alikuwa amekataa katakata mtoto wake apelekwe "kwa wenda wazimu", kwa hivyo tukaingia hospitali nyingine iliyokuwa njiani. Tulipokewa na afisa wa kliniki, msichana ambaye bado alikuwa mafunzoni, mdogo kuniliko. Kabla hajauliza lolote aliweka mkono kwenye paji la uso la kijana, akamfungua jicho kwa kidole gumba, akaona manjano. Akamgeukia mathe.

"Mama, huyu alikuwa amesafiri?"

Walimtoboa kidole: sukari ilikuwa imeshuka vibaya sana. Tone lingine la damu likaenda maabara, slaidi ikarudi imejaa vimelea. Wakamtundikia dripu ya glukosi, wakamdunga artesuneti, wakarudia baada ya saa 12, wakarudia tena baada ya saa 24. Jumatano mchana alifungua macho, akaniangalia vizuri, akasema, "Leo ni siku gani? Na mbona mdomo wangu unakaa hivi?" Mathe alitoka nje kulia.

*

Sasa twende kwa lawama.

Saikosisi ni neno la madaktari la hali ya mtu kupotewa na ulimwengu ambao sisi wengine tunauona: anasikia sauti zisizokuwepo, anaona watu wasiokuwepo, anaamini jambo na huwezi kumtoa hapo hata ulete ushahidi wa kortini. Neno hilo linaeleza kinachoonekana, na linaishia hapo. Kilicholeta hali hiyo halikisemi. Ni kama kusema mtu anakohoa. Kikohozi kinaweza kuwa TB, nimonia, pumu, au moshi wa jiko la makaa. Hakuna daktari atakayeandika "kikohozi" kwenye faili, aifunge, aende zake. Lakini akija mtu anayeongea na ukuta, tunaandika neno moja na kuhisi kwamba kazi imekwisha.

Wazee wetu walioongea Kiswahili hawakuwa wavivu hivi. Lugha hii ina neno "kuweweseka": kuongea ovyo kwa sababu ya homa au usingizi mbaya. Ina "kupayapaya". Kisha ina "wazimu" na "kichaa", ambayo ni mambo mengine. Na hadi leo ukienda mtaani utasikia mama akisema "malaria imempanda kichwani". Sentensi hiyo, ambayo sisi wa mjini tunaicheka, ina utabibu zaidi ya ile "mmh" niliyopewa kasualti. Inasema kwamba kitu cha mwili kinaweza kupanda kikafika kwa akili. Malaria kali hufanya hivyo hasa: chembe za damu zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, damu inashindwa kupita vizuri, sukari inashuka, na mtu anaanza kukuita mwalimu.

Ubongo ni nyama kama figo au ini. Unakula sukari, unataka oksijeni, unataka chumvi ya damu ikae kwa kiwango chake, na ukinyimwa hauchelewi kulalamika. Mgonjwa wa kisukari aliyedunga insulini na akakosa kula anaweza kutokwa jasho, kutukana abiria wenzake na kuongea visivyoeleweka, hadi makanga amshushe akidhani ni mlevi. Akipewa glukosi kwa mshipa, baada ya dakika chache anauliza viatu vyake viko wapi. Cucu wa miaka 80 anayeanza ghafla kuona watoto chini ya kitanda huenda ana nimonia, au maambukizi kwenye njia ya mkojo, na kwa umri huo hata homa inaweza isionekane. Mtu aliyekunywa pombe kila siku kwa miaka mingi, akishikwa Ijumaa na kufungiwa seli, kufikia Jumapili anaweza kuanza kutetemeka na kuona wadudu wakimtambaa. Askari watasema anaigiza. Hali hiyo huua, na ina dawa.

Mtu aliyeanguka kifafa mara nyingi mfululizo anaweza kukaa sawa siku moja au mbili, halafu akili ikavurugika kwa siku kadhaa. Huko magharibi, ambako nguruwe huachwa wazurure, mayai ya tegu wa nguruwe yakimwingia mtu yanaweza kuota uvimbe ubongoni, ukaleta kifafa na wakati mwingine vurugu za akili. Mtu mwenye HIV ambaye kinga yake imeshuka anaweza kupata homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu: kichwa kinauma wiki nzima au mbili, tabia inabadilika, watu wa nyumba wanasema "siku hizi amekuwa mgumu". Mama aliyejifungua juzi akianza kusema mtoto si wake, kweli kuna saikosisi ya uzazi na ni dharura, lakini pia kuna kifafa cha mimba na kuna maambukizi ya kizazi. Presha na joto vipimwe kabla ya mtu kumkalisha chini kumshauri.

Halafu kuna dawa tunazomeza wenyewe. Efavirenzi ilikaa miaka mingi kwenye vidonge vya ARV, na ilijulikana kwa ndoto kali, na kwa wachache kuvuruga akili kabisa. Kenya ilianza kuingiza dolutegraviri mwaka 2017. Isoniazidi ya TB inaweza kuvuruga akili. Steroidi zinaweza. Meflokwini ya kuzuia malaria inaweza. Kwa hivyo "anakunywa dawa gani?" ni swali la kwanza, si la kujaza fomu.

Na ndiyo, bangi inaweza. Muguka na kukesha siku tatu unaweza. Sibishani na hilo. Ninachobisha ni kwamba jibu la "anavuta" lilimfanya daktari aache kuuliza. Kwani mvuta bangi haumwi na mbu?

*

Watu wamewahi kukosea hivi kabla yetu, na kwa kiwango kikubwa. Katika karne ya 19 hospitali za wazimu za Ulaya zilijaa wagonjwa waliojiona wafalme na mamilionea, kisha wakapooza na kufa. Walielezwa kila namna: ni uasherati, ni pombe, ni damu mbaya ya ukoo. Mwaka 1913, Hideyo Noguchi na J. W. Moore huko New York walivipata vijidudu vya kaswende ndani ya bongo za waliokufa hivyo. Wodi nzima za "wazimu" zilikuwa wodi za maambukizi. Na sikiliza hili: mwaka 1917 huko Vienna, Julius Wagner-Jauregg alianza kuwaambukiza wagonjwa hao malaria makusudi, ili homa kali ipigane na kaswende. Mwaka 1927 akapewa tuzo ya Nobel. Baadaye, miaka ya 1940, penisilini ikaja na kuiondoa kabisa tiba hiyo. Yaani zaidi ya miaka 100 iliyopita kulikuwa na watu waliokaa kando ya kitanda cha mgonjwa wa akili wakimpima homa. Mdogo wangu hakupata bahati hiyo.

Mwaka 1949 daktari wa Uingereza, Richard Asher, aliandika kuhusu wagonjwa 14 walioonekana wamerukwa na akili, kumbe tezi ya shingoni ilikuwa imelala. Wengi walipata nafuu walipopewa homoni ya tezi. Na wengi wenu mmeona filamu ya Susannah Cahalan, mwandishi wa habari wa New York aliyeanza kuvurugika akili mwaka 2009 akiwa na miaka 24. Kuna daktari aliyedhani ni pombe na kazi nyingi. Aliyemtoa huko, Souhel Najjar, alimpa karatasi na kalamu akamwambia achore saa. Akaziandika namba zote upande mmoja wa saa. Hapo ikajulikana kwamba upande wa ubongo wake umevimba: kinga ya mwili ilikuwa inashambulia ubongo, ugonjwa ambao timu ya Josep Dalmau ilikuwa imeueleza mwaka 2007 tu. Najua mtasema ile ni Marekani, na vipimo vya ugonjwa ule ni ghali. Ni kweli. Lakini karatasi na kalamu je?

Tuna deni letu hapa nyumbani pia. Mathari ilifunguliwa mwaka 1910, ikiitwa hospitali ya wazimu ya Nairobi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari wa kikoloni. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliandika kuhusu Mau Mau, akiwaeleza watu waliopigania ardhi yao kana kwamba ni tatizo la saikolojia. Leo tunamcheka na kumtukana, na anastahili. Lakini angalia alivyofanya: aliangalia aina ya mtu, akapata maelezo hapo hapo. Sisi tumebadilisha tu aina. "Ni mvuta bangi." "Ni mwanamke, wana drama." "Ni chokoraa." "Ni yule wa kawaida, ana faili Mathari tangu zamani." Kila moja ya hizo ni njia ya kuondoa mkono kabla haujagusa paji la uso.

Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Mtu aliyeishi na skizofrenia miaka 10 naye anapata malaria, nimonia, kisukari, jeraha la kichwa. Akibadilika ghafla wiki hii, kila mtu anasema amekosa dawa zake. Anaweza kufa na ugonjwa ambao ungepatikana kwa mtu mwingine yeyote kwa kipimo cha kidole.

*

Nilisema nitairudia simu ya shangazi.

Usiku ule watu wengi walitoa maoni. Mlinzi, jirani, daktari, mimi. Mtu mmoja tu ndiye aliyeunganisha ugonjwa wa kijana na safari ya Busia, na alikuwa shangazi. Alikosea kuhusu kilichotokea kule. Lakini alijiuliza: alikuwa wapi, alifanya nini, kilianza lini? Hayo ndiyo maswali ya yule msichana wa mafunzoni. Mimi msomi sikuyauliza. Nilichukua mambo yaliyokuwa kwenye simu yangu, mapenzi na mkopo na mitihani, nikayapanga yakawa hadithi safi ya afya ya akili. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kweli, kijana alikuwa na stresi. Haikuwa na uhusiano wowote na vimelea.

Kwa hivyo nawasemea hasa nyinyi wenzangu, rika langu, tuliokua tukipambana na wazazi ili waamini kwamba msongo wa mawazo upo. Tulishinda vita hiyo kidogo, tukapenda silaha zetu. Sasa rafiki akianza kuongea ovyo Jumanne, kufikia Jumatano tuna neno: ni troma, ni baipola, anahitaji mtu wa kuongea naye. Tunamcheka mchungaji anayekemea pepo bila kumpima mtu joto, na sisi tunafanya hivyo hivyo kwa msamiati wa kisasa. Mtu akibadilika ndani ya siku tatu, kazi ya kwanza ni maabara. Kiti cha mshauri hakiendi popote, kitamngoja.

Mathe naye ana lawama yake, nami nimemwambia. Slaidi iliporudi alipiga simu kwa ukoo mzima: "Si wazimu, ni malaria tu!" Alifurahi kana kwamba ameshinda kesi. Nilimwelewa. Lakini kitanda cha pili kulikuwa na mama mwingine na kijana wake. Huyo alikuwa amepimwa kila kitu na hakikupatikana kitu, na madaktari walikuwa wanaanza kumpa dawa za akili. Yule mama alimsikia mathe. Nikamwona akivuta shuka juu ya mwanawe. Wengi wanaoingia saikosisi mara ya kwanza watakuwa kama yule kijana: damu safi, skani safi, na bado ni wagonjwa, na bado kuna dawa. Sipigi kelele hapa ili malaria iwe na heshima kuliko skizofrenia. Huyo kijana naye alistahili kupimwa kwanza, na matokeo yoyote yale, alistahili kusemwa kwa sauti isiyo na "tu".

*

Najua jibu la hospitali. Daktari mmoja, usiku, foleni hadi nje, mgonjwa anarusha mateke. Nitampimaje mtu anayepigana? Swali la haki. Ila mdogo wangu alidungwa sindano ya kutuliza, akalala kama gogo. Hapo ni nani aliyezuiwa kumtoboa kidole? Sindano ile ingefungua mlango wa vipimo. Kwetu ilitumiwa kufunga mlango.

Wala sidai mashine za mamilioni. Nataja vitu vya bei ya chini: joto la mwili, presha, mapigo ya moyo, oksijeni kwa kile kibanio cha kidole, sukari, malaria, mimba kama ni mwanamke, HIV, kaswende. Mkono upapase kichwa kutafuta jeraha na shingo kutafuta uvimbe. Shingo ikikakamaa pamoja na homa, yatolewe maji ya uti wa mgongo. Muulizeni mgonjwa leo ni siku gani na hapa ni wapi, kwa sababu mtu ambaye mwili wake ndio unaomvuruga mara nyingi hajui siku, anapotea na kurudi ndani ya saa chache, na huona vitu zaidi ya kusikia sauti. Mdogo wangu alikuwa na yote hayo matatu. Yalikuwa mbele yetu, na joto juu yake.

Na tuache huu mchezo wa kurushiana watu. Hospitali ya kawaida inasema mpeleke ya akili. Ya akili inasema huyu ana homa, mrudishe. Mgonjwa anamalizika kwa matatu katikati ya mwili wake na akili yake, kana kwamba ni kaunti mbili.

Kwako wewe msomaji, nina ombi la vitendo. Siku moja utampeleka mtu kasualti. Usiende na jibu. Nenda na tarehe. Sema: "Hii si kawaida yake. Ilianza Ijumaa. Alikuwa amesafiri hapa na pale. Anakunywa dawa hizi." Beba pakiti zenyewe. Akiuliza anavuta, mwambie ukweli, kisha umwambie pole pole, kwa heshima: "Daktari, naomba tumpime joto, sukari na malaria kabla hatujatoka." Ukijibiwa vibaya, rudia. Mimi sikurudia kwa sababu sikusema hata mara moja.

Kijana alikaa wodini siku tisa, figo zake zikachukua muda kurudi sawa, semista ikaenda. Siku hizi yuko darasani na wale waliokuwa nyuma yake. Hosteli za chuo wanamwita Mapepo. Anasema haimsumbui, na mimi najua inamsumbua. Ile karatasi ya usiku wa kwanza, yenye neno moja na kifupi cha bangi, bado iko kwenye faili mahali fulani, na hatujui ni nani ataisoma siku akitafuta kazi.

Nilinunua kipimajoto. Kinaning'inia kwa msumari kando ya mlango, karibu na funguo. Nikianza kufoka kuhusu mambo haya, mdogo wangu hukitoa, akanipa, akasema, "Kaka, kabla hujaendelea." Nami hukiweka kwapani.